Moyo Haukuwa na Wodi

Alasiri ni saa ya ugeni katika nyumba za Waganda. Kazi ya shamba la migomba imekwisha, matoke yameliwa, na mama mwenye nyumba ametulia na mwanawe, tayari kumpokea atakayebisha. Mwaka 1954 saa hiyo ndiyo aliyoichagua Mary Ainsworth, mwanasaikolojia aliyekulia Kanada, kuzitembelea familia 26 katika vijiji 6 vya kandokando ya Kampala. Alikuja kila baada ya wiki mbili, akikaa kama saa 2 kila mara, na akaendelea hivyo kwa miezi ipatayo 9. Ubavuni pake aliketi Katie Kibuka, mkalimani wake. Watoto waliowatazama walikuwa 28, wengi wao bado wakinyonya.

Uganda hakuja kwa mpango wake. Mumewe, Leonard, alipata kazi katika Taasisi ya Utafiti wa Jamii ya Afrika Mashariki pale Makerere, naye akamfuata, akitoka London alikokuwa akifanya kazi na John Bowlby. Bowlby alishikilia kwamba mtoto huambatana na mama yake kwa silika aliyozaliwa nayo, wala si kwa sababu ya maziwa tu. Ainsworth hakuwa amekubali. Jambo alilotaka kulichunguza Buganda lilikuwa kuachishwa ziwa, kwa sababu alisikia kwamba siku hiyo ikifika mtoto huondolewa kwa mama akapelekwa kwa bibi, asahau titi. Alipofika aligundua desturi hiyo inasimuliwa sana na kutendwa kwa nadra. Watoto wengi walibaki kwao.

Mtu mwingine angefunga daftari. Ainsworth akaanza kuandika yaliyokuwa yakitendeka mbele yake pale sebuleni. Mtoto anatambaa kutoka kwa mama, anamwendea mgeni au kitu kilichomvutia, anageuka kuangalia kama mama bado yupo, anaendelea. Mama akiinuka kutoka nje, analia au anamfuata kwa magoti. Mama akirudi, mwingine anapiga makofi, ndiyo salamu yake. Mwezi baada ya mwezi picha hizo zilirundikana, na Ainsworth akaona kwamba mama ni kituo ambako mtoto hutoka na kurudi, na kwamba mtoto mwenye hakika na kituo chake ndiye anayethubutu kwenda mbali. Aligundua jambo jingine ambalo mimi naliona kubwa kuliko yote: akina mama waliojua kusimulia habari za watoto wao, wakatoa visa vidogovidogo bila kuulizwa mara mbili, ndio ambao watoto wao walikuwa na utulivu. Aliyemjua mwanawe alijua pia kumweleza.

Yote hayo yalifanyika katika kipindi kibaya. Novemba 30, 1953 Gavana Andrew Cohen alikuwa amemkamata Kabaka Mutesa wa Pili na kumpeleka Uingereza kwa ndege, na Buganda yote ilikuwa na ghadhabu. Kulikuwa na waliovaa nguo za magome ya mti kama watu waliofiwa. Kabaka hakurudi hadi Oktoba 1955. Katika hali hiyo, mwanamke Mzungu aingie nyumba ya Mganda na daftari, aulize mtoto analala na nani! Aliwalipa kwa namna iliyoeleweka: aliwabeba kwa gari kwenda kliniki, akawasaidia kupata maziwa ya unga. Lakini bila Kibuka asingevuka kizingiti. Kitabu kilipotoka mwaka 1967 kilikuwa na jina la Ainsworth peke yake, na huko Baltimore, Marekani, alikokuwa amehamia, utafiti wake wa pili ukawa ndio maarufu. Leo mwanafunzi wa saikolojia popote duniani hufundishwa habari za Baltimore. Kampala hutajwa kwa sentensi moja, na mkalimani hatajwi.

Mwaka 1955, mwaka aliorudi Kabaka, upande wa mashariki wa mji wa Kampala, serikali ilifungua Butabika.

Ili kuielewa Butabika inafaa kurudi nyuma, Hoima, kilomita kama 200 kutoka Kampala. Katika miaka ya 1920 aliyeonekana kichaa na kusumbua watu aliishia kwenye sehemu ya gereza la Hoima iliyotengwa kwa ajili hiyo. Katika miaka ya 1930 wagonjwa wakahamishiwa Mulago, Kampala, mahali palipoitwa hospitali na palipoendelea kufanya kazi ya kizuizi. Mlango wa kuingilia ulikuwa wa polisi na hakimu. Sheria ya mwaka 1938 ndiyo iliyosema nani achukuliwe na nani aachwe. Mulago ilipofurika, likatafutwa eneo nje ya mji, juu ya kilima kinachotazama Ziwa Viktoria, si mbali na gereza la Luzira. Majengo yalikuwa mapya na ya kisasa, na mandhari ilikuwa nzuri. Haikuchukua muda jina la kilima likageuka tusi. Hadi leo ukifanya kituko mtaani Kampala, mtu atakuuliza kama umetoroka Butabika.

Waliopelekwa huko walikuwa wale ambao jamii ilishindwa kukaa nao: wenye kupiga watu, kuvua nguo, kutembea usiku wakipiga kelele. Mama aliyefiwa na watoto wawili, akaacha kula na kuongea, hakuna polisi aliyemfuata. Wataalamu wa wakati ule walihesabu vichwa vilivyokuwa ndani ya wodi na kutoka hapo wakatoa fatwa juu ya walio nje. J. C. Carothers, daktari wa kawaida asiyekuwa na shahada ya magonjwa ya akili, alipewa hospitali ya Mathari, Nairobi, mwaka 1938, akaiongoza hadi 1950. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilimchapishia kitabu juu ya akili ya Mwafrika. Humo alidai kwamba sonona ni nadra kwa Waafrika, na akamlinganisha Mwafrika mzima na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata serikali ya Kenya ilimpa kazi ya kueleza saikolojia ya Mau Mau. Sitapoteza wino zaidi juu yake, ila kwa jambo moja: kosa lake la hesabu lilikuwa jepesi hata kwa mtoto wa shule. Ukitaka kujua watu wangapi wana njaa, huwahesabu walioiba mkate.

Moyo wa mtu ni msitu, wasema wahenga wetu. Waganda nao walikuwa wameugawa msitu huo zamani. John Orley, daktari Mwingereza aliyefanya kazi karibu na Kampala katika miaka ya 1960, alikaa na wanakijiji akauliza magonjwa haya wanayaitaje. Wakamtajia ya kichwani: *eddalu*, yaani wazimu, *ensimbu*, kifafa, *obusiru*, upumbavu, *kantalooze*, kizunguzungu. Halafu kulikuwa na ya kifuani, ya *omutima*. Mswahili hahitaji kamusi hapo, maana washairi wetu bado wanasema mtima. Huzuni, hofu, uchungu, hayo yalikaa moyoni, na mtu wa moyo hakuwa na sababu ya kupelekwa kwa madaktari wa kichwa. Orley aliyachapa hayo mwaka 1970. Kwa wodi za Butabika maana yake ilikuwa nzito: hospitali ilijengwa kwa ajili ya *eddalu*, na watu walijua hivyo. Moyo haukuwa na wodi.

Makerere wakati huo ilikuwa inachangamka. Uhuru ulikuja mwaka 1962, na mwaka huohuo, ng'ambo ya mpaka katika wilaya ya Bukoba, wasichana wa shule ya Kashasha walishikwa na kicheko kisichozuilika. Kati ya wanafunzi 159 walishikwa 95, shule ikafungwa mwezi Machi. Mwaka 1963 mikurupuko ya namna yake ikatokea Uganda, watu wakikimbia na kuhangaika kwa makundi. Benjamin Kagwa, daktari Mganda wa magonjwa ya akili, aliandika juu ya mambo hayo mwaka 1964 kwa lugha ya daktari: hakuna sumu wala kirusi, hao ni watu waliobanwa na mabadiliko ya ghafla. Chuoni, Allen German akaongoza idara mpya ya magonjwa ya akili, na wanafunzi wa udaktari wakaanza kupelekwa nje ya kuta, hadi kituo cha afya cha Kasangati kwenye barabara ya Gayaza.

Kasangati ndiko fatwa ya Carothers ilikovunjwa, tena kwa utulivu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Orley aliyachukua maswali marefu ambayo madaktari wa London hutumia kumpima mgonjwa, yakatafsiriwa kwa Kiganda, akaenda nayo katika vijiji viwili. Hakungoja wagonjwa waje. Alihoji watu wazima majumbani mwao, walio wazima na wasio wazima, kisha akayalinganisha majibu na ya wanawake wa Camberwell, mtaa wa kusini mwa London, yaliyokusanywa kwa maswali yaleyale. Matokeo, aliyoyachapa na J. K. Wing mwaka 1979, yalionyesha sonona kuwa nyingi zaidi vijijini Uganda kuliko Camberwell. Ilikuwapo siku zote. Hakuna aliyekwenda kuiuliza kwa lugha yake.

Laiti habari hizo zingetoka wakati mwingine. Mwaka 1979 ni mwaka wa vita. Idi Amin alikuwa ametawala kwa miaka 8, wahadhiri wa kigeni walikuwa wameondoka, Waganda wenye ujuzi nao wakatawanyika Nairobi na mbali zaidi. Wilson Acuda, kwa mfano, alifundisha magonjwa ya akili Kenya, kisha Zimbabwe. Majeshi ya Tanzania yaliingia Kampala mwezi Aprili. Baada ya hapo kikaja kipindi cha pili cha Obote, na mafuvu ya Luwero. Nchi nzima ilikuwa na maradhi ya moyo, na madaktari wake walihesabika kwa vidole.

Hapa naomba kuweka neno dogo juu ya Kiswahili chetu. Kwa Mganda wa kizazi hicho, Kiswahili ni sauti ya askari kwenye kizuizi cha barabarani. Mtafiti anayedhani lugha moja ya Afrika Mashariki itatosha kuulizia huzuni Kampala atajibiwa kwa adabu na hataambiwa kitu. Lakini nenda Nsambya au Katwe, kwa wakimbizi kutoka Kivu, uulize hayohayo kwa Kiingereza au Kiganda. Mtu atatikisa kichwa. Kwake yeye Kiswahili ndicho alichobembelezewa nacho.

Ukimwi ndio uliofungua mlango, kwa njia ya kusikitisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wavuvi na wachuuzi wa Rakai na Masaka, kusini-magharibi mwa Kampala, walianza kukonda na kufa. Watu wakauita ugonjwa huo *slim*. Mwaka 1987 Noerine Kaleeba, aliyekuwa ametoka kumzika mumewe, alianzisha na wenzake shirika la TASO jijini Kampala. Hawakuwa na dawa ya kutibu, dawa hazikuwapo. Walichokuwa nacho ni watu waliofundishwa kukaa na mgonjwa na kumsikiliza. Neno mshauri likaanza kumaanisha mtu wa kawaida mwenye kiti, muda na mdomo unaofungwa. Sidhani kama kuna kilichobadilisha huduma ya moyo Uganda zaidi kuliko hilo, na halikutoka katika idara yoyote ya saikolojia.

Kisha, mwaka 2000, kundi la watafiti wakiongozwa na Paul Bolton lilikwenda Masaka na Rakai na kufanya jambo ambalo lingemfurahisha Orley. Kabla ya kutaja ugonjwa wowote, waliwauliza wanakijiji: Ukimwi umewaletea matatizo gani? Watu wakataja umaskini, yatima, njaa, na katikati ya orodha wakataja maneno mawili ambayo hayakuwamo katika kitabu chochote cha udaktari. *Okwekyawa*: kujichukia mwenyewe. *Okwekubagiza*: kujihurumia, kujililia kana kwamba wewe ndiwe uliyefiwa nawe mwenyewe. Walipoeleza dalili zake, mtu halali, hali, hataki kuonana na watu, anaona afadhali afe, watafiti wakajua wamefika. Maneno hayo mawili yakaingizwa kwenye kipimo sambamba na vigezo vya Kimarekani.

Tiba iliyochaguliwa ilitoka New York, kwa Myrna Weissman na wenzake, na Helena Verdeli akawa ndiye aliyeikata na kuishona upya ili imkae Mganda. Kiini chake ni kwamba sonona huwa na mwanzo katika maisha ya mtu na watu wake: msiba, ugomvi, au mabadiliko yanayompindua mtu, kama kugundua una virusi. Ilifanywa kwa vikundi, wanaume kivyao na wanawake kivyao, saa moja na nusu kila wiki kwa wiki 16. Walioviongoza walikuwa vijana wa hukohuko, waliofundishwa kwa wiki mbili tu. Marekebisho yalihitaji akili ya mtu anayejua mila. New York mfiwa huulizwa aliyekufa alikuwa na kasoro gani, ili uchungu wote utoke. Buganda, marehemu hasemwi vibaya. Swali likabidi lizungushwe: katika maisha yenu, zilikuwapo siku ngumu? Hapo mjane alikuwa na la kusema.

Vijiji 30 vilishiriki, nusu vikapata vikundi, nusu vikasubiri. Kabla ya kuanza, asilimia 86 ya washiriki katika vijiji vya vikundi walikuwa na sonona kali kwa vigezo vya kitabibu. Mwisho wake walibaki asilimia 6.5. Katika vijiji vilivyosubiri, walishuka kutoka 94 hadi 54.7. Msomaji makini ataona kwamba hata huko wengi walipona wenyewe, au walifarijika kwa kuulizwa tu, na ni vyema aone hivyo. Hata hivyo pengo ni kubwa, na jarida la chama cha madaktari wa Marekani lilipoyachapa matokeo hayo mwaka 2003, watu walisoma mara mbili. Kati ya mambo yaliyotoka hapo ni shirika la StrongMinds, lililoanza kazi Kampala mwaka 2014 likiwakusanya wanawake kwenye vikundi vya namna ileile mitaani, na mwongozo ambao Shirika la Afya Duniani, lilelile lililomchapisha Carothers, liliutoa mwaka 2016.

Lakini neno la Masaka si neno la kila mahali. Mwaka 2006 Elialilia Okello wa Makerere na Solvig Ekblad waliwarudia Waganda na maswali kuhusu sonona, na majibu hayakusimama moyoni. Watu waliuita ugonjwa wa *ebirowoozo*: mawazo. Ukiwaza sana ndipo unapougua, na mtu wa mawazo humpeleki hospitali, unampa ushauri. Nasi huku pwani husema fulani ana mawazo, na tunamaanisha yaleyale. Katika kambi ya Nakivale, kusini mwa Mbarara, Wanyarwanda na Wasomali 277 waliingizwa katika jaribio, na baadhi yao wakatibiwa kwa njia nyingine kabisa: mkimbizi anasimulia maisha yake yote kwa mpangilio tangu kuzaliwa, na mshauri, ambaye ni mkimbizi mwenzake, anamwongoza kuliweka tukio baya mahali pake katika simulizi. Matokeo yalitangazwa mwaka 2008, na washauri wale wasio madaktari walifanya kazi nzuri.

Butabika yenyewe haikubaki palepale. Chini ya Fred Kigozi, mkurugenzi wake kwa miaka mingi, ilikarabatiwa, ikaunganishwa na hospitali za mashariki mwa London, na watu waliowahi kulazwa wakaanza kulipwa kuwasaidia wanaotoka. Vitanda ni 550, wagonjwa mara nyingi ni wengi kuliko vitanda. Sheria ya 1964, iliyorithi ile ya wakoloni, ilikuja kufutwa na Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2018, inayozungumza habari za haki za mgonjwa na kutaka huduma ifike kwenye vituo vya msingi. Bunge lilipitisha hayo yote, na kujaribu kujiua kukabaki kosa la jinai katika kanuni ya adhabu. Maradhi ya kichwa yakapewa haki, ya moyo yakaachiwa polisi.

Etheldreda Nakimuli-Mpungu alisomea udaktari wa akili Makerere, kisha akaenda Baltimore kwa shahada ya uzamivu, katika chuo kikuu kilekile ambacho matbaa yake ilikuwa imetoa kitabu cha Ainsworth. Akarudi nyumbani na kutunga tiba ya vikundi kwa ajili ya watu wanaoishi na virusi wenye sonona, akaijaribu kaskazini, Gulu, Kitgum na Pader, kwa Waacholi waliotoka kwenye vita vya Kony. Vituo vya afya vilikuwa 30, washiriki 1,140, na viongozi wa vikundi walikuwa wahudumu wa kawaida wa afya. Miezi 6 baada ya tiba, kati ya watu 578 waliokuwa katika vikundi vyake ni 2 tu waliokuwa na sonona kali. Katika vikundi vya mafunzo ya kawaida ya afya walikuwa 160 kati ya 562. Hayo yalichapishwa mwaka 2020.

Vikao vyake ni 8. Vya kwanza ni vya kufahamiana na kuelezana sonona ni nini, vya katikati ni vya kutua mzigo, kila mtu na wake, wanaume na wanaume, wanawake na wanawake. Ukifika mwisho wa orodha, ambapo mtu aliyezoea vitabu vya New York au London angetarajia kuagana, kikundi kinajadili pesa: nani anajua kufuga, nani anajua kuuza, na wakiweka pamoja kidogo walicho nacho waanze na nini.